Aliyesamehewa kwa Kosa Langu

Habari ilinifikia Jumanne, baada ya sala ya alasiri. "Fundi wetu wa majina kafariki," aliniambia kwa simu mtu tuliyefanya kazi pamoja zamani. Nikamwambia aache mzaha. Jumapili tu nilikuwa na marehemu Michenzani, mkate kwapani, anacheka kwa sauti ile ile. "Kaanguka mezani kwake, redio ya watu iko wazi mbele yake," akasema, na simu ikakatika. Nilikuwa nshaandika safu ya wiki hii, inahusu kukatika kwa umeme. Nimeichana. Kuna jambo nililolisikia maziarani Jumatano ambalo siwezi kulibeba peke yangu.

Tulikutana katika kampuni ndogo ya intaneti hapa Mji Mkongwe, enzi ambazo watu walipiga foleni kusoma barua pepe. Mimi, kama mnavyojua kwa kuwa sichoki kuwaambia, sikubebwa na mtu. Niliondoka Unguja na begi moja, nikaosha vyombo kwenye mikahawa ya ughaibuni, nikajisomesha, nikarudi na stashahada ya kompyuta. Siku ya kwanza ya kazi niliitundika ukutani. Marehemu, aliyenizidi kama miaka kumi na ambaye shule aliishia kidato cha pili, aliitazama kwa makini. "Bwana Diploma," akasema, "cheti kizuri, lakini umekitundika juu ya swichi. Taa tutawasha vipi?" "Kwa akili, kaka," nikamjibu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi yake ilikuwa kuilea seva ya majina. Nieleze kwa wasioijua: kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa nambari. Mtu akiandika jina la hoteli au la ofisi, lazima iwepo mashine inayosema jina hili nambari yake hii. Yetu ilikuwa ikitumia mfumo wa Unix, imefungiwa chumba chenye feni mbili, na majina ya wateja wetu wote wa Unguja alikuwa ameyaandika yeye, mstari kwa mstari, kwa miaka minne. Programu yenyewe ilitengenezwa nje, na kila ilipogundulika tundu la kupenyea wezi, kilitoka kifurushi kipya cha kuisasisha. Hapo ndipo tulipokuwa tukigombana. Yeye kifurushi hakukitia kwenye mashine kuu mpaka akijaribu kwanza kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa chini ya meza, akakiacha siku mbili, kisha akapanda baiskeli kuwapitia wateja mmoja mmoja: "Kesho baada ya adhuhuri majina yatapumzika kidogo, msishtuke." Mimi nikiona aibu. Nilikotoka, kazi hiyo ilichukua dakika kumi.

Alhamisi moja, mwezi wangu wa pili kazini, yeye alikuwa mazikoni Makunduchi. Kifurushi kipya kilikuwa kimetoka na mimi nikaona nimpunguzie baiskeli. Nikakitia moja kwa moja kwenye mashine kuu. Katikati ya kazi mashine ikauliza swali, kama zinavyouliza mpaka leo: faili la mipangilio lililoandikwa hapa limebadilishwa na wenyeji, ulibakishe, au uweke lile lililokuja na kifurushi? Sikufikiri hata kidogo. Lililotoka nje ndilo bora, nikabonyeza. Mashine ikaanza upya bila kulalamika. Nikajaribu kufungua gazeti la ughaibuni, likafunguka, nikaenda kunywa kahawa nikijipongeza. Jina la mteja wetu hata mmoja sikulijaribu.

Faili langu jipya lilikuwa zuri ila halikuwajua watu wa Unguja. Kwa kuwa mashine za nje hukumbuka jina kwa muda kabla ya kuuliza tena, maafa yalikuja polepole, na Ijumaa asubuhi tukawa tumefutika duniani. Kila barua pepe iliyotumwa kwa mteja wetu ilirudi ilikotoka. Marehemu aliingia, akatazama kioo cha kompyuta, akaniangalia mara moja tu, kisha akainama kwenye ile kompyuta ya chini ya meza iliyokuwa na nakala ya mistari yake yote. Kabla ya adhana ya Ijumaa majina yalikuwa yamerudi. Lakini kuna Bi mmoja wa Makunduchi, aliyekuwa akiuza mwani kwa niaba ya kina mama wenzake wa huko, alikuwa akingoja jibu la mnunuzi wa ng'ambo. Barua ya mnunuzi iligonga mara mbili, ikarudi mara mbili. Mnunuzi akaamini wamefunga biashara, akanunua kwingine. Mwani wa msimu mzima ukabaki kwenye magunia.

Tajiri wetu, mwenye kampuni, alipanda ngazi akihema. "Nani kagusa mashine?" Nikainamisha macho kwenye kibodi. "Mimi," akasema marehemu. "Wewe si ulikuwa shamba, Makunduchi?" "Nlianza kabla sijaondoka. Nlikosea." Ngazini nikamshika mkono. "Kaka, kwa nini?" "Wewe mgeni, atakufukuza leo leo. Mimi miaka minne hapa, atanipigia kelele basi. Ila nnakwambia, ukiulizwa tena lipi ubakishe, soma kwanza."

Alikosea kuhusu kelele. Wateja wote, na Bi wa Makunduchi miongoni mwao, waliambiwa kosa ni lake. Siku ya Jumatatu alitolewa kwenye chumba cha feni mbili akapelekwa kuvuta nyaya mapaani, na seva nikapewa mimi, mwenye cheti. Mwaka haukuisha akaacha, akafungua meza ya kutengeneza redio Kikwajuni. Mimi nikapanda cheo. Nimeshawasimulieni humu nilivyopanda. Sehemu hii sikuisimulia. Kila tulipokutana aliniuliza jambo moja, na Jumapili aliliuliza pia: "Nakala unaweka?" "Naweka, kaka." "Basi mashine salama."

Jumatano, kaburi lilipokwisha kufukiwa, nduguye alisimama akaomba, kama ilivyo ada yetu, kwamba aliyekosewa na marehemu amsamehe. Watu wakaitikia. Kisha mzee mmoja kutoka shamba akanyanyua mkono. "Mimi nimetumwa na dada yangu wa Makunduchi. Anasema ule mwani kamsamehe, duniani na akhera." Watu wakasema amina. Nami, Mungu ananiona, nikasema amina.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nimeitumia methali hii kuwasuta wengi humu safuni, nikijiona mimi simo. Nilitupa kwa kidole kimoja mistari ya mtu wa hapa kwa kuwa haikuja na muhuri wa nje, na nikamtupa na mwenyewe. Stashahada yangu ni ya haki na bado najivunia, nimeitolea jasho. Lakini haikunifunza kusoma swali kabla ya kujibu, wala kujaribu jina la jirani kabla ya la ughaibuni. Vijana mnaosasisha mashine za watu leo, bakisheni faili la wenyeji, wekeni nakala, na mkikosea, semeni siku ile ile. Ukichelewa, utasema mbele ya kaburi, na huko hakuna wa kukujibu.

Bi wa Makunduchi, marehemu hakuwa na kosa la kusamehewa. Aliyebonyeza ni mimi. Jumamosi hii nakuja kwako mwenyewe, uniangalie usoni, na msamaha wako ukiuzuia, una haki.