Simu Iliyochajiwa na Upepo

Vuuu, tak. Vuuu, tak. Sauti hiyo naisikia mpaka leo, hata nikiwa saluni kwangu Gungu, Kigoma mjini, nasuka mtu nywele huku redio inapiga kelele. Vuuu ni mapanga ya mjomba ya kufua umeme, yakizunguka juu ya mlingoti. Tak ni waya uliolegea, ukigonga mlingoti kila upepo ulipousukuma. Mjomba alikuwa akisema ataukaza kesho, na kesho yake haikufika. Mimi sikujali, maana kwa tak hiyo, hata nikiwa jikoni, nilijua kama umeme upo au haupo.

Tulikaa Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka wa Burundi, mlima mgongoni, ziwa miguuni. Gari halifiki, nguzo za umeme ndiyo usiseme. Mjomba alikuwa fundi wa injini za boti, na alipopata mota moja kuukuu yenye sumaku akasema upepo wa ziwani unapita bure, nao ufanye kazi. Mapanga akamwomba fundi mitumbwi amchongee. Fundi yule kitu kirefu cha mbao alichokijua ni kafi la kuendeshea mtumbwi, basi akachonga makafi matatu, bapa safi, ya kuvutia. Tukayapandisha. Upepo ukaja, yakabaki yanautazama tu. Wavuvi wakamwuliza mjomba anapiga makasia kwenda wapi, mbinguni? Ikabidi yachongwe upya, yapindwe kidogo upande mmoja, ndipo yakashika upepo.

Kazi ya mapanga hayo ilikuwa kuchaji betri za taa za kuvulia dagaa. Dagaa hufuata taa kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka boti zinakaa ufukweni, betri zinapumzika, na hapo ndipo simu zetu zilipopata umeme.

Watu wa Burundi walipoanza kukimbia vurugu za kwao na kuvuka kwa wingi, ufukwe ulijaa mpaka pa kuanikia dagaa pakakosekana. Mama mmoja na wanawe wawili tukawaweka jikoni kwetu. Yeye Kirundi, sisi Kiha, palipokwama tukaingiza Kiswahili. Mume wake alibaki nyuma na mama yake mzazi ambaye hakuweza kutembea. Walikubaliana atapiga simu. Lakini laini ya mama yule ilikuwa ya Burundi, ilishika mtandao wa kwao pale pale ufukweni kwetu tu. Akihamishiwa kambi ya wakimbizi, laini ingekufa. Kwa hiyo kila boti zilipobeba watu kuwapeleka kwenye meli ya Kigoma, yeye alisema atapanda kesho.

Alikuja wakati wa mbalamwezi, simu yake ikachajiwa apendavyo. Tulikuwa tunakaa chini ya mlingoti, namwambia ndoto zangu. Nilitaka mapanga yapangwe mlimani kote, halafu yashuke mpaka ziwani, yasimame majini, Kigoma na Ujiji kote kuwake. Mjomba akanicheka, akasema ziwa hili halina chini, mlingoti wa kufika huko atauchonga nani. Nikasema basi yaelee, yafungwe kama mitumbwi. Mama yule akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema ataomba kulala kwenye mtumbwi mmojawapo, simu yake isizimike tena.

Miaka imepita, na juzi nimeyaona kwenye televisheni ya saluni, mapanga makubwa katikati ya bahari, mengine yanaelea kweli, yamefungwa kwa minyororo. Mtangazaji anasema yanazidi kuongezeka, nchi kavu na majini. Nilimwacha mteja na nusu kichwa.

Siku zile kule Kagunga, mbalamwezi ikaisha, giza likarudi. Wavuvi wakaleta betri zao, na mjomba akasema, "Taa kwanza. Watu wanakula dagaa, hawali simu." Na sisi tulikula dagaa hao hao. Wakati huo huo mtoto mdogo wa yule mama akaanza kuharisha, macho yakaingia ndani. Kungoja kesho nyingine hakukuwezekana tena.

Asubuhi ya kuondoka akaniwekea simu mkononi, akaniita mwanangu kwa Kirundi.

"Mwana wanje, akipiga mwambie tuko hai. Mwambie tumekwenda kambini, sikumkimbia."

Nilimfuata mjomba, nikamnyooshea. Akaitazama ile simu. Akasema betri zikichukuliwa jioni, waya ni wangu mpaka upepo ulale, na nikipata upepo ni bahati yangu.

Upepo wa jioni kwetu ni mchovu. Siku nyingine nilipata tak chache tu, nikaiwasha simu kidogo, nikaizima. Nyingine nikapata za kutosha kuiacha wazi. Katika jioni kama hiyo ikalia.

Sauti ya mwanaume, kikohozi kwanza, kisha akauliza mimi ni nani. Nikaogopa salio lake litaisha, nikamwambia yote kwa mkupuo: wako hai, wako kambini, hakukimbiwa.

Kisha akauliza, "Wote?"

"Wote."

Simu ikakatika.

Mama yule alikuwa akiazima simu ya mtu kambini na kumpigia mjomba. Alipopiga tena nikamweleza. Hakulia. Aliniuliza kwanza kama mtu huyo alikohoa.

"Alikohoa kabla hata ya salamu," nikasema.

"Huyo ndiye." Akacheka, akaniambia mtoto anakunywa uji. Kisha sauti ikashuka: mdogo wake wa kike naye ana ile namba, naye hajasikika. Nisiizime bado.

Jioni hiyo wavuvi walichukua betri zao wakateremka. Mjomba alikuwa kwenye injini ya mtu. Nikaenda mlingotini peke yangu, nikafuta magamba ya dagaa mikononi kwa khanga, nikachomeka simu kwenye waya, nikakaa chini nikisubiri tak.