Mkamwana Wangu na Nyumba ya Mlango Mmoja

Mama huyu wa upande wa Mbeya ameomba jina lake tulifiche, nasi tumelificha. Maneno ni yake.

Wasomaji, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Mimi ni mama mtu mzima, nilizaliwa Wajerumani wangali hapa. Kusoma nilifundishwa darasa la ubatizo tu, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda myanyooshe wenyewe. Nina mtoto mmoja wa kiume, mwalimu wa sekondari huku karibu na Iyunga. Ndiye anayenikosesha usingizi.

Kipupwe hiki mume wangu aliugua macho, tukatoka milimani kwetu ili atibiwe hospitali ya mjini. Tukafikia kwa mwanetu. Nyumba za walimu Waafrika pale ni chumba kimoja, mlango mmoja. Sasa kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hawalali chini ya paa moja, na akimwona njiani anakwepa pembeni. Ndiyo heshima yetu. Basi siku tuliyofika, mkamwana wangu alichukua blanketi lake akahamia jikoni kwa jirani, na mimba yake tumboni. Jiko lenyewe mlango wake ni gunia, na baridi ya Mbeya mnaijua.

Mwanangu akaenda kwa hedimasta, Mzungu, kuomba aongezewe chumba chenye mlango wake. Alirudi anacheka kicheko kibaya.

"Mama, ameniambia niweke pazia."

"Pazia linaziba kikohozi cha baba yako?" nikamuuliza.

Walimu wenzake nao walikuwa na yao. Mshahara wao mdogo, na Mzungu anayefundisha darasa lile lile analipwa cha kushiba na kusaza. Wakaunganisha madai, mshahara pamoja na nyumba, wakagoma kuingia darasani. Mimi niliogopa, siwadanganyi. Niliwapikia ndizi na maharage walipokaa uani kwetu, na kila nikisikia gari najua polisi hao.

Mwishowe wakaitwa kusuluhishwa. Hedimasta akasema na sisi wazazi tuliopo tuje, tuwatulize watoto wetu. Mume wangu alibaki nyumbani. Hedimasta akatoa neno lake: mshahara utapanda, lakini nyumba zitabaki vile vile, shule haijengi vyumba kwa ajili ya mila za kizamani. Nikaona nyuso za walimu zinalainika. Siwalaumu, nao wana watoto. Kiongozi wao akamgeukia mwanangu.

"Kaka, tumepata kikubwa. La chumba tuliache."

"Wewe baba yako yuko kwake," mwanangu akamjibu. "Mimi siachi."

Ndipo hedimasta akamwita mkamwana wangu, aliyekuwa mlangoni na wanawake wengine. "Wewe ni binti wa Iringa. Mila hii si ya kwenu, tena umebatizwa. Kwa nini usikae tu na mzee?"

Mtoto wa watu akajibu taratibu, "Kweli, bwana, kwetu Mlandege mkwe tunamheshimu kwa namna yetu. Lakini ukoo mzima uliponikataa kwa kuwa mimi Mhehe, mzee huyu peke yake alisema niletwe. Nitamheshimu kwa heshima anayoijua yeye."

Hedimasta akanigeukia mimi. "Mama, mwambie mwanao arudi kazini."

Nikasimama. "Bwana, nimepita kwako nikaona mbwa wako ana kijumba chake na mlango wake. Sijakasirika, mbwa mzuri. Mkamwana wangu ndiye nauliza nimlaze wapi."

Watu wakacheka chini chini. Hedimasta akawa mwekundu, akasema kwa wengine wote yamekwisha, ila mwanangu asiporudi shule ikifunguliwa baada ya likizo, nafasi yake itapewa mwingine.

Sasa bombani wanawake wananiita Mama Vyumba. "Mpisheni, anakuja kupima kiwanja." Nacheka nao, najaza ndoo yangu. Lakini nyumbani sicheki. Mume wangu anasema tumrudishe milimani akae na upofu wake, mtoto asipoteze kazi. Mkamwana anakaribia kujifungua. Na mwanangu ameniambia, "Mama, ukisema nirudi nitarudi. Ukisema nisirudi, sirudi." Amenitwisha mimi. Akifukuzwa, shule nyingine gani itampokea aliyegoma? Akirudi, nimemfundisha nini?

Mpaka leo neno "rudi" nimelikataza mdomoni mwangu. Ninyi mliozaa, na ninyi walimu mnaosoma hapa, nipeni shauri: nimwambie nini mwanangu? Nitasomewa barua zenu zote na nitawashukuru. Ila kama shauri lako ni kwamba mkamwana wangu azoee, usihangaike kununua stempu.