Kiwete Aliyekataa Kuliwa

Mimi ndiye niliyemwokoa yule kiwete asiliwe na zimwi. Nasema hivi bila haya, maana kabla yangu aliliwa kila msimu wa kupanda karanga na hakuna aliyemtetea.

Ilikuwa Lurujo, upande wa Koboko, miaka ya themanini, tuliporudi kutoka ukimbizini Kongo. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliishi na nyanya yangu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekaushwa na homa ya utotoni, nikawa natembea kwa fimbo. Watoto wa jirani walikuwa wameanza shule, ng'ambo ya kijito. Mimi, hapana. Kila nikiomba, nyanya alinijibu yale yale: "Wewe utabaki nyuma. Mtu ya kubaki nyuma, zimwi nakula yeye."

Ndiyo ilikuwa hadithi yake kubwa. Wasichana wanakwenda kuokota kuni, zimwi linatokea, wote wanatimua mbio, kiwete anabaki, analiwa. Basi, imekwisha hapo. Niliichukia!

Aliisimulia alasiri, watoto wa jirani wakija kutusaidia kubambua karanga za mbegu. Alisimulia kwa Kiswahili alichokiokota katika kambi ya jeshi, akiwa mke wa askari, maana uani kwetu palikuwa na watoto wa Wakakwa, wa Wanubi na wa wafanyabiashara wa Kikongo. Tena alikuwa mjanja. Kila baada ya maneno machache alinyamaza, nasi tukaitika "Eee!" kwa nguvu, kwa sababu mdomo uliojaa karanga hauitiki. Asiyeitika aliingizwa kidole mdomoni, akatolewa wizi wake mbele ya wote. Na hadithi isiyoitikiwa haiendi mbele. Hiyo ilikuwa sheria. Wala haiachwi katikati, maana zimwi lililoachwa njiani humfuata msimulizi mpaka nyumbani kwake. Sheria hizi nyanya aliziamini kuliko redio.

Siku moja alifika pale pale. "Zimwi nakuja. Wote nakimbia. Yule ya mguu mbaya nabaki." Akanyamaza. Mwitikiaji wa kwanza nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikaa karibu naye na sikuwa mtu wa kukimbiakimbia. Nikafunga mdomo.

"Itika," akasema.

Kidole kikaja, kikapekua shavu hili na lile.

"Karanga hakuna," akasema, ameshangaa kweli. "Sasa ni nini?"

"Zimwi hapana kula yeye, nyanya. Siitiki."

Binti wa Kikongo aliyekaa kando yangu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, naye akafunga mdomo. Kisha mwingine, kisha wote, hata wale wadogo ambao hawakujua tunagombea nini. Nyanya akatuangalia, akaliangalia jua linavyoshuka, akauangalia mlango wake. Zimwi lilikuwa katikati ya njia na yeye ndiye msimulizi.

"Haya, maliza wewe!"

Nilikuwa nimeshinda, na mwisho sikuwa nao! Nikainamisha macho kwa aibu, na hapo nikaona alama zangu mchangani: mguu, tundu la fimbo, mburuzo. Mguu, tundu, mburuzo. Alama hizo zilikuwa zimenichongea mara nyingi. Kati ya watoto wote, mimi peke yangu sikuweza kuiba hata kipande cha muwa nisijulikane.

Nikaanza. Kiwete hakukimbia. Aliwapandisha wenzake juu ya mwamba, akauzunguka, mara moja, mara mbili, mara saba, kisha naye akapanda. Zimwi likaja limeinama, linanusa nyayo. Likaona mguu. "Eee!" Likaona tundu. "Eee!" Likaona mburuzo. "EEE!" Huyu ni mnyama gani, mwenye mguu mmoja, pembe ya kutobolea ardhi na mkia mzito? Tena wako saba! Zimwi likarudi kinyumenyume, kisha likageuka, likakimbia lenyewe. Watoto walikuwa wamesimama, wanapiga kelele, karanga zimemwagika uani kote.

"Mutu ya vile iko na nguvu!" akapaza sauti rafiki yangu.

"Na wale ya mbio?" nyanya akauliza.

"Nafuata yeye nyuma, mpaka nyumbani," nikajibu.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi tangu hapo, hata miaka ya tisini nikifundisha Mvara, kule Arua, na sijaona darasa lililokaa kitako nikifika kwenye mburuzo.

Watoto walipoondoka, nyanya aliokota karanga moja moja mchangani. Kisha akasema: "Siku ile ya kukimbia vita, mimi nabeba wewe mgongoni mpaka Kongo. Watu nabaki njiani. Mimi naona. Sasa mgongo yangu imekwisha."

Kumbe hakuwa akinisema. Alikuwa akiogopa, miaka yote hiyo, nami nilidhani ni ukali.

"Fimbo iko, nyanya," nikamwambia.

Jumatatu nilikwenda shule. Nilipita pembeni mwa njia ili wenzangu wasinikanyage, na nilifika wa mwisho, nimelowa jasho, nafurahi kupita kiasi. Jioni, nikirudi, nilizikuta alama zangu za asubuhi bado ziko. Kando yazo kulikuwa na nyayo nyingine za miguu mitupu, kidole kidogo kimetazama nje. Kidole hicho nilikijua. Zilinifuata kutoka kijitoni mpaka kwenye ua wa shule, zikasimama hapo, zikageuka.

Nilimkuta nyanya ameketi uani. Alisema hajatoka nyumbani siku nzima. Akanyamaza, akaningoja.

"Eee!" nikaitika.