Injini ya Mashua Mtito Andei

Alhamisi, tarehe 20 Septemba 1984. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi kutoka upande wa Tsavo, na wingu moja lililopita juu ya Mtito Andei bila kutua.

Siku hiyo Kiilu aliitoa injini ya mashua chini ya magunia. Alikuwa fundi wa malori kando ya barabara ya Mombasa, na injini hiyo alikuwa ameachiwa na mpima maji mmoja wa Mto Athi alipohama. Ilikaa miaka mingi ikitagiwa mayai na kuku. Sasa mahindi yalikuwa yamekauka shambani, mbuzi wote wamekwisha, na amebaki ng'ombe mmoja mwenye mimba. Mbugua, mchuuzi wa samaki wa bwawa la Masinga, alituma neno kwamba angepita kesho yake. Injini ikiunguruma, angeinunua, na nyumba ya Kiilu ingekula mpaka mvua inyeshe.

Kiilu alifungua plagi, akazikuta nyeusi kama masizi. Akazisugua kwa msasa. Kabureta ilikuwa imejaa petroli ya zamani iliyoganda kama gundi. Akaichokoa kwa waya mwembamba wa breki. Cheche ilipokataa, alifuata waya mpaka akapata mahali panya walipotafuna, akaufunga upya. Kilichobaki kilikuwa kuijaribu.

"Mama Mutindi, nipe hilo pipa," alimwambia mkewe, Syokau. "Injini hii hufanya kazi ikiwa ndani ya maji."

Syokau hakuinua kichwa. Maji ya pipa lile yalikuwa ya kumnywesha ng'ombe, na aliyachota mwenyewe kwenye shimo la mchanga mtoni, kata baada ya kata, akingoja yachuruzike tena. "Na ng'ombe afanye kazi ndani ya nini?"

"Nitayarudisha."

"Wewe? Tangu unioe hujashika jerikani."

Ndolo, mziba pancha wa jirani, alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Fundi, ulinunua mashua ukasahau bahari."

Kiilu aliifunga injini kwenye gogo, akavuta kamba ya kuwashia, injini ikiwa kavu bila maji. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikatema moshi wa buluu, halafu ikashika, ikanguruma hata madereva wakatoka hotelini na vikombe vya chai mikononi. Ndolo aliinuka kwenye tairi. Kiilu alipaswa kuizima hapo hapo, lakini ilikuwa zamani tangu watu wamtazame hivyo. Akaongeza mafuta. Alisikia harufu ya mpira ukiungua, akadhani ni grisi ya zamani.

Ndani ya mguu wa injini kama hiyo kuna kigurudumu cha mpira kinachovuta maji ya kuipoza. Kikizunguka pakavu, huungua. Kiilu hakulijua hilo; lori hutembea na maji yake kwenye rejeta.

Ijumaa Mbugua alifika na pikapu. "Mzee, mimi sinunui kelele," alisema. "Iweke majini."

Kiilu akamtazama mkewe. Syokau akalisukuma pipa mwenyewe hadi kwenye gogo, taratibu, tone lisimwagike. Mguu wa injini ukazama. Kiilu akavuta kamba, ikashika mara moja, na Syokau akatabasamu kidogo.

Mbugua aliinama akatazama tundu la nyuma ambako maji yalipaswa kuruka. Hayakuruka. Akajifuta mikono.

"Nzuri," alisema. "Ongeza mafuta, mzee. Ongeza tena."

Kiilu akaongeza. Chuma kikaanza kunuka, sauti ikawa nzito, halafu ikakwama kwa mlio mmoja mkavu. Alipovuta kamba, haikusogea.

"Uliiendesha kavu," Mbugua alisema bila kushangaa. "Nilijua nilipotazama tundu."

"Mbona hukuniambia nizime?"

"Ingekuwa nzima ungetaka bei ya nzima. Mimi nahitaji gia na pangaboi tu." Akafungua nyuma ya pikapu. Madebe mawili ya mahindi yalikuwa yameshafungwa kamba tayari. "Chukua, au baki na chuma chako."

Kiilu akachukua.

Pikapu ilipoondoka, Syokau alimleta ng'ombe kwenye pipa. Juu ya maji utando wa oili uling'aa rangi nyingi. Ng'ombe akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma.

"Ulinionea huruma jana," Syokau alisema, "ukawasha kavu. Ungeninyang'anya tu pipa."

Ndolo alisikia, akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake asubuhi Kiilu alichukua kamba ya kuwashia, ambayo Mbugua aliisahau kwenye gogo, akaifunga kwenye pembe za ng'ombe, akamvuta kwenda kwa mchinjaji kabla hajaanguka mwenyewe.