Samli Ndani ya Bastola

Yaarub hakai. Ukimwona amekaa, ujue kuna mtu amekalia ufunguo wa gari yake.

Alistaafu wizarani, hapo Al Khuwair, Maskati, miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo mkewe Muhsina, binti wa ami yangu, hajapata raha. Asubuhi mume anahamisha makochi, adhuhuri anayarudisha. Siku moja aliendesha mwendo wa saa nzima mpaka Qurayyat kununua nguru, akarudi, akawagawia majirani samaki wote, kisha akasema anakwenda tena kwa sababu amesahau wa nyumbani.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, nacho ni bastola. Msidhani ni urithi wa babu. Imetengenezwa kiwandani miaka hii hii kwa mfano wa zile za zamani, ina rukhsa yake, na hulala kwenye kabati la chuma la uwanja wa shabaha. Haitaki risasi hizi za siku hizi. Ina matundu sita, na kila tundu unalijaza mwenyewe: baruti nyeusi, risasi ya mviringo kama gololi, mafuta juu yake, kisha nyuma unabandika kifataki cha kuwashia baruti. Mafuta ndiyo kinga. Bila hayo, moto wa tundu moja waweza kurukia la jirani, zikalia mbili tatu kwa mpigo. Kuijaza kunachukua robo saa, na robo saa hiyo Yaarub hasemi wala hatikisi mguu. Muhsina alikwenda kutazama mara moja, akarudi akaniambia ameona mume ambaye hajawahi kuolewa naye.

Sasa, karatasi iliyokuja na bastola ilisema yapakwe mafuta ya nguruwe. Yaarub aliitupa kama imemuuma. Akaingia jikoni, akachota samli.

Januari samli iliganda, bastola ikalia vizuri. Mei, Maskati ikiwa tanuri, ikayeyuka na kuchuruzika mpaka kwenye baruti. Uwanja ukanukia maandazi. Akafyatua, kikalia kifataki peke yake: ta. Hapo ndipo akafanya lile ambalo hata mtoto wa shule angekatazwa. Alijizungusha mzima mzima, bastola mkononi, kumwuliza msimamizi imekuwaje. Watu wanane walilala chini na kanzu zao nyeupe za dishdasha.

Msimamizi ni Muhanna, msema Kiswahili mwenzetu, aliyekulia Bujumbura, mtu wa maneno machache. Hakutukana. Alimkumbusha kanuni anayoijua: ikigoma, mtutu ubaki umeelekea shabaha dakika nzima, maana moto huweza kuchelewa ndani ukatoka baadaye. Akampa wiki mbili. Aje apige sita mbele yake, na akikosea tena, uwanjani hakanyagi na bastola itauzwa.

Wiki mbili hizo tuliziona sote. Alimwuliza kila mtu khabari za mafuta, mpaka daktari wa meno. Akenda maduka ya Hamriya kutafuta nta, akarudi, akenda tena kutafuta iliyo ngumu zaidi. Akaleta mkia wa kondoo, akauyeyusha jikoni kwa Muhsina, akachanganya na nta, akaanika kijiko kimoja dirishani juani. Kila dakika tano anakwenda kukitazama. Hakikuyeyuka. Akamletea mkewe kijiko mpaka puani, anacheka, anasema sasa tatizo limekwisha.

Muhsina alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Baba Ruba, samli haikugeuka nyuma. Uligeuka wewe."

Alitoka na kijiko chake, na makochi yakahama tena.

Siku yenyewe tulikwenda alfajiri kabla ya jua kuchachamaa. Mimi na Muhsina tuliwekwa nyuma ya kamba. Tundu la kwanza likalia, moshi mweupe ukamfunika. La pili, la tatu, la nne. Mafuta yameshika. La tano: ta.

Mkono wake ulibaki mbele. Vidole vya mkono wa kushoto vikapiga ngoma pajani, jasho likamshuka shingoni na hakulifuta. Yule mtu asiyeweza kungoja chai ipoe. Bega la kulia likaanza kugeuka, kidogo tu, nikaona Muhsina amenishika kiwiko kucha zikaingia. Bega likarudi.

"Bado?" akauliza Yaarub, akiitazama shabaha.

"Bado," akasema Muhanna.

Sikuwa nikijua kwamba dakika moja ni ndefu hivyo. Akauliza tena, Muhanna akatazama saa yake. Mwishowe Muhanna akasema, "Basi," akamwacha apige la sita, nalo likalia. Kisha akaikagua bastola: kijitundu cha kupitishia moto kwenye tundu la tano kilikuwa kimezibwa na masizi, mafuta ya kondoo hayana kosa. Yaarub akaanza kueleza nta ilikotoka, bei yake, jinsi mkia ulivyochujwa, lakini Muhanna alikuwa ameshatia saini kibali chake.

"Nimeona nilichotaka kuona. Uko nasi mwaka mzima. Leo tunafunga mapema kwa ajili ya joto, nenda nyumbani ukapumzike."

Yaarub alimtazama, akatutazama na sisi.

"Nikapumzike vipi?" akauliza. Na wallahi alikuwa anataka kujua.