Fizi Zilitoa Damu, Nikaacha Mswaki

Wenzangu, wengi hapa kanisani mnanijua kama Mama Naliaka, fundi wa nguo wa mtaa wa Langas. Leo sijaja kuongea juu ya nguo. Nimekuja kuwaambia vile nilivyopoteza meno mawili, na kuna mahali katika habari hii ambapo bado najishangaa.

Meno yangu yalikuwa mazuri. Hakuna hata moja lililokuwa limetoboka. Uzi nilikata kwa meno, na wateja wakawa wanacheka kwamba sihitaji makasi. Mswaki nilipiga asubuhi, haraka haraka, mkono mmoja ukitafuta funguo za duka.

Siku moja nilikuwa nashona gauni jeupe la harusi, nikaona tone la damu kwenye shingo ya gauni. Nikakagua vidole vyote, kimoja kimoja. Hakuna kidonda. Nikaendelea kushona, na damu ikatokea tena, mahali nilipotoka kukata uzi. Nikapitisha ulimi kwa ufizi, nikasikia ladha ya damu.

Sikuelewa. Damu inatokaje mahali ambapo hapaumi?

Kesho yake nikapiga mswaki, povu likawa jekundu. Nikasema basi, mswaki ndio unanikata. Nikauacha. Nikawa nasukutua tu na maji ya chumvi, na kweli, damu ikapungua. Nikajiona nimepona.

Haikukaa, ikarudi. Jirani akaniambia, "Hiyo ni vitamini zimepungua, kula machungwa." Nikala machungwa. Mama mkwe akaniangalia tumboni akauliza, "Mama Naliaka, una mimba? Mimi fizi zangu zilitoa damu hivyo nikiwa na mimba ya kumzaa mumeo." Nina miaka arobaini na minne! Lakini nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilienda kupima. Sikuwa nayo. Sasa kama si mimba, si vitamini, na hakuna kinachouma, ni nini?

Miezi ikapita. Fizi zikavimba, zikawa laini, zikaanza kurudi nyuma. Nikitazama kioo naona meno yamekuwa marefu. Binti yangu Naliaka akaniambia polepole, "Mum, usikasirike. Mdomo wako unanuka." Nilikasirika. Halafu nikaanza kuongea na watu nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono, na kanisani nikaacha kuimba.

Kisha jioni moja tukila mahindi ya kuchemsha, jino la mbele, la chini, likatikisika. Nikalisukuma kwa kidole. Likaenda, likarudi. La kando yake pia. Nikalia pale pale mezani, na hata wakati huo sikuwa na maumivu.

Mume wangu, Wafula, akaweka hindi lake chini. "Kesho tunaenda kwa daktari wa meno," akasema. "Machungwa yametosha."

Daktari alikuwa mama mtaratibu. Akaingiza chuma chembamba kati ya jino na ufizi. "Mama, uliacha kupiga mswaki?"

"Ulikuwa unanitoa damu, daktari."

"Haukuwa mswaki. Damu ilitoka kwa sababu ya uchafu uliokaa kwenye fizi. Ulipoacha mswaki, uchafu ukawa mgumu kama jiwe, ukaingia chini ya ufizi. Sasa umekula mfupa unaoshika meno."

"Lakini hakukuwa na maumivu!"

"Ndio ubaya wa ugonjwa huu. Mara nyingi hauumi mpaka umeharibu."

Alinipima sukari, kwa kuwa kisukari nacho huharibu fizi, ikawa sawa. Yale meno mawili yakang'olewa. Mengine yakakwanguliwa kwa siku kadhaa, fizi zikiwa zimedungwa dawa ya ganzi. Vipande vyeusi vilitoka. Niliona aibu kuviangalia.

Halafu akanipa mswaki laini, akanionyesha: uulaze kuelekea ufizi, uzungushe kidogo kidogo, asubuhi na kabla ya kulala, na upitishe uzi wa meno katikati. Nyumbani damu ikatoka tena. Nikaogopa, nikampigia simu. "Usiache," akasema. "Taratibu tu, kila siku."

Siku ya tisa nilitema, nikamwita Wafula kwa sauti. Akaja mbio.

"Naona povu tu," akasema.

"Ni jeupe!" nikamwambia. "Angalia vizuri. Ni jeupe!"

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru binti yangu kwa kusema ukweli ambao watu wazima walinificha. Mfupa ulioliwa hauwezi kurudi, niliambiwa hivyo. Meno yaliyobaki nayatunza, na kila baada ya miezi michache narudi kusafishwa. Sikujua kwamba kitu nilichokikimbia ndicho kilichokuwa dawa.

Kwa hivyo kama asubuhi ya leo ulitema damu ukafungulia maji haraka isionekane, usiende nyumbani kabla hatujaongea. Nitakuwa pale mlangoni. Hata ukiziba mdomo kwa mkono, njoo.