Mlio Mmoja

Kaka yangu aliyeko Uingereza ana tabia ya kutatua matatizo yetu kwa vifurushi. Safari hii alituma kisanduku cheusi chenye taa za kijani na simu ya mezani yenye vitufe vikubwa kama vya kikokotoo cha dukani. Kisanduku unakichomeka kwenye ruta, simu unaichomeka kwenye kisanduku, sauti inapita kwenye intaneti. Mama hawezi simu za kupangusa. Vidole vyake vimekakamaa kwa kubangua korosho, na kioo hakimsikii. Simu yake ndogo ya vitufe ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kuoshea mihogo ikafa hapohapo. Basi mashine ikakaa sebuleni kwetu Likombe, hapa Mtwara, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na haikupiga popote.

Ningemwachia kaka ahangaike na mashine yake kama si mama mdogo. Huyu ni mdogo wake mama, aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, karibu na mdomo wa mto ambako simu bado zinanasa mtandao wa kwetu. Laini aliyokuwa nayo ilikuwa ya kwetu. Alikuwa na sukari, na kidonda cha mguuni kiligoma kupona. Ilibidi avushwe aletwe hospitali Mtwara kabla mguu haujaoza.

Kuvuka ndiko kulikokuwa kugumu. Tangu vurugu zianze kule, mwenye mtumbwi havuki kila siku. Anavuka siku anayoona kuna usalama, na anaijua asubuhi hiyohiyo. Akifika ng'ambo hasogei mbali na ukingo, wala hangoji. Na kule mtu akionekana anaongea na simu kwa muda mrefu anaulizwa anaongea na nani. Kwa hiyo wale ndugu wawili wakapatana kwa njia tunayoitumia sote huku tangu simu ziingie: kubipu. Mwenye mtumbwi akileta habari kwamba leo anavuka, mama anapiga, inalia mlio mmoja, anakata. Mama mdogo hapokei. Wanawe wanambeba hadi ukingoni.

Sasa mama alipobonyeza namba ya mdogo wake, ambayo anaijua kwa kichwa, simu ilinyamaza, kisha ikaanza kutoa ile milio ya haraka ya kukataa. Nilibadilisha waya. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikabonyeza polepole, nikabonyeza haraka, mwishowe nikabonyeza kwa hasira. Kaka alikuwa ananielekeza kwenye simu yangu ya mkononi, sauti imejaa uvumilivu wa mtu aliyeshiba.

"Dada, weka alama ya reli mwishoni."

"Nimeweka. Inakataa."

"Unaanza na sifuri?"

"Sasa nianze na nini, na bismillahi?"

Hapo ndipo ugonjwa ukajulikana. Kisanduku kilikuwa bado kinajiona kiko Uingereza. Kikipata sifuri na saba kinadhani ni namba ya huko, na kwa kuwa namba za huko ni ndefu kuliko zetu, kinakaa kusubiri tarakimu ambayo haiji. Niliingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio nikakielekeza: ukipata sifuri mwanzoni, itoe, weka namba ya nchi yetu. Mama akapiga simu yangu. Ikalia mkononi mwangu. Akapiga kigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini, na mimi nikajiona fundi mkubwa.

Tukamtuma mwenye mtumbwi ampitishie mama mdogo ujumbe kwa watu wa ukingoni: namba itakayokubipu ni ngeni, ina tarakimu nyingi, usiiogope, ni dada yako.

Ulikuwa msimu wa korosho. Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa mizigo bandarini, na msimu ukiwaka malori yanapanga foleni na sisi hatunyanyui vichwa. Habari ya kuvuka ilikuja nikiwa kazini. Jioni nilimkuta mama amekaa kando ya simu, bado amevaa khanga za kutokea.

"Hakushuka," aliniambia. "Mwenye mtumbwi kafika ukingoni, hakuna mtu."

"Ulimbipu?"

"Nimembipu mie. Nimeusikia mlio hapa sikioni, nikakata, kama tulivyopatana."

Tukasema labda mtandao. Safari ya pili ikawa vilevile: mwenye mtumbwi akavuka, mama akabipu, akausikia mlio, akakata, na mtumbwi ukarudi mtupu. Nilimwambia nitabipu kwa simu yangu. Alikataa katakata.

"Namba aliyoambiwa ni hii. Ukija na nyingine ataona ni mtego."

Alikuwa sahihi. Lakini hofu ndani yake ilianza kugeuka hasira, na hasira ya mama ina kumbukumbu ndefu. Akaanza kumsema mdogo wake mbele ya wageni. Anaringa. Tangu utotoni yeye wa kubembelezwa. Anataka nivuke mimi, na magoti haya, nikamwangukie. Siku moja aliinua mkonga wa simu, akauangalia, akaurudisha. "Anaisikia," alisema. "Anaisikia, na hataki kuja kwangu."

Sijui kama aliamini. Nadhani alichagua hilo kwa kuwa lilikuwa jepesi kuliko mengine.

Safari iliyofuata mtumbwi haukurudi mtupu. Alikuja mtoto wa kwanza wa mama mdogo, mtu mzima mwenye watoto wake, viatu mkononi na suruali imelowa mpaka mapajani. Alipomwona mama alikaa chini sakafuni, na tukajua kabla hajafungua mdomo. Walikuwa wameshamzika. Mguu ulipanda joto, kisha mwili wote, kisha akaacha kuwatambua.

Mama alilia, halafu akafuta uso kwa ukali.

"Nilimbipu," alisema. "Nilimbipu, mwanangu. Kwa nini hamkumleta?"

Binamu yangu alimtazama kama mtu aliyesingiziwa.

"Mama mkubwa, tulikaa na simu hiyo. Alikuwa anaishika kifuani, akilala tunaishika sisi. Haikulia hata mara moja."

Akaitoa mfukoni, kitochi cha vitufe kilichofungwa kwa mpira wa ndala. Nilifungua orodha ya simu ambazo hazikupokelewa. Ya kwetu haikuwemo.

"Niliusikia mlio," mama alisema, na safari hii alikuwa ananiambia mimi, kana kwamba mimi ndiye shahidi wake.

Nikamwambia apige.

Alibonyeza namba ya mdogo wake bila kuangalia vitufe. Nilisogeza sikio langu karibu na lake. Mlio ukaja, mzuri, wazi. Kitochi kilikuwa kwenye kiganja cha binamu yangu, katikati yetu, kioo cheusi. Kidole cha mama kilikwenda chenyewe kukata, nikakishika. Mlio wa pili sikioni. Kitochi kimya. Kisanduku kilikuwa kinamlilia mama mlio wake chenyewe, wa kumtuliza asubiri, huku namba bado inatafutwa huko mbali. Yeye aliusikia, akakata, na hakuna kitu kilichokuwa kimevuka mto. Siku alipoijaribu kwa kupiga simu yangu hakukata, alisubiri nipokee. Nilikichukia kisanduku kile, nikamchukia na aliyekitengeneza, mtu ambaye kwao anayepiga simu siku zote anataka kuongea.

Kisha kioo kikawaka. Kitochi kikaanza kulia, wimbo wa kelele wa simu za bei rahisi, kikitetemeka kwenye kiganja cha mtoto wa mama mdogo.

"Kata, mama mkubwa," alisema taratibu.

Mama hakukata. Alikuwa ameuegemeza mkonga shavuni kwa mikono yote miwili, anasubiri ipokelewe.